Tangazo la Saa Sita

Walikutana kwenye foleni ya ofisi ya leseni za utangazaji, watu wamebanana hadi mlangoni. Msichana alivaa gauni la bluu lililopauka mabegani. Kijana alivaa shati jeupe, amekumbatia majalada kama mtoto mchanga.

"Samahani dada, nimekukanyaga."

"Mara mbili, kaka. Ya tatu utanioa."

Kijana akaduwaa. Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyosoma salamu kila mchana katika redio ndogo ya mtaani kwao.

Miezi minne simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muone! Karani wa wakili, maneno kama kasuku."

Jambo moja karani hakumwambia. Redio ile ilikuwa imeuzwa, na leseni yake inahamishiwa kampuni kubwa. Hati alizichapa yeye, chini ya kiapo cha siri. Alidhani bosi wa redio amekwisha kuwaeleza wafanyakazi wake. Bosi naye alinyamaza.

Sheria ilitaka redio inayohamishwa isome tangazo hilo yenyewe, hewani. Mtangazaji alipewa karatasi mlango wa studio ukifungwa, akaanza kuisoma kama asomavyo habari za mvua.

"...na matangazo yake yatakoma Ijumaa ya wiki ijayo, saa sita mchana."

Akashusha macho. Chini ya karatasi palikuwa na jina la aliyeiandaa. La mpenzi wake.

Alipotoka hewani tu, alimpigia.

"Ulijua?"

"Nilijua, lakini niliapa..."

"Umeniandikia tanzia yangu, ukaniachia niisome mwenyewe!"

Akakata. Tangu hapo hakupokea simu yake tena.

Ijumaa ilipofika, studio ilibaki na fundi mitambo, maiki moja na kiti ambacho mtangazaji alikinunua mwenyewe. Dakika ya mwisho mtangazaji akapokea simu ya msikilizaji.

"Unamsalimu nani?"

"Mtangazaji. Mwambie nilikosea kunyamaza. Anisamehe."

Akaijua sauti. Alipofungua mdomo ajibu, taa nyekundu ya hewani ikazimika.

Karani alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi yao. Redio ya mlinzi ilikuwa inakoroma tu. Akajua yamekwisha. Lakini simu sikioni mwake haikukatika. Alisikia kwikwi ndogo.

"Upo?"



"Nipo. Kazi sina tena, na hasira bado ninayo." Akapenga kamasi. "Njoo unisaidie kubeba kiti changu."