Swali la Tisa

Mimi si mtu wa kuamini mizuka. Hata paka wangu ni mweusi. Lakini haya yalimpata mdogo wangu wa kike, na karatasi ninayo mimi.

Mdogo wangu anasomea uuguzi wa afya ya akili. Chuoni kwao kuna chumba cha mazoezi: kitanda, viti viwili, kamera, na kioo ambacho nyuma yake mwalimu huketi akitazama. Mama mmoja mwigizaji hujifanya mgonjwa, mwanafunzi humhoji, kisha huyo "mgonjwa" hujaza fomu kueleza alivyohudumiwa. Maswali ya mwanafunzi ni kumi na mawili. La tisa huulizwa waziwazi, bila kuzungukazunguka: je, unafikiria kujiua?

Hilo ndilo lililomshinda mdogo wangu. Mara mbili alilikwepa, mara mbili akafeli. Mwalimu alidhani ni woga wa kawaida. Mimi nilijua. Mwaka jana kitindamimba wetu, tuliyemwita Kijiti kwa wembamba wake, alisimama jioni mlangoni pa chumba cha dada yake huyo akamwambia, "Dada, nimechoka." Dada mtu alikuwa na mtihani kesho yake. "Kalale, utaamka vizuri," akamjibu bila kuinua macho kitabuni. Asubuhi tulimkuta Kijiti amejiua.

Jaribio la tatu ndilo la mwisho. Ukifeli, unafungasha virago. Lilipangwa saa nane mchana. Alipoingia, mgonjwa alishaketi, kofia ya sweta kichwani, uso chini. Kijana. Akadhani wamepata mwigizaji mpya.

Alianza vizuri. Usingizi? Sipati. Chakula? Hakishuki.

"Nini hasa kinakusumbua, kaka?"

"Nimechoka tu, dada."

Kalamu ilimdondoka. Swali la tisa hakuliuliza. Mdomo ukasema wenyewe, "Kalale, utaamka vizuri."

"Sikuamka," akanong'ona yule kijana.

Mlango ukafunguliwa. Mama mwigizaji akaingia akihema. "Jamani mnisamehe, gari limeniharibikia njiani!"

Kiti cha mgonjwa hakikuwa na mtu. Kwenye kipaza sauti mwalimu akauliza taratibu, "Mwanangu, muda wote huo ulikuwa unaongea na nani?"

Kitini palikuwa na fomu ya mgonjwa, imeshajazwa. Muuguzi alikuuliza kuhusu kujiua? Hapana. Mwandiko ulioinama kushoto, wa Kijiti. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika.

Mdogo wangu hakukimbia. Aliketi tena, akakisogelea kile kiti, akalia mpaka mama mwigizaji naye akalia. Kisha akauliza, waziwazi, kama alivyofundishwa.

"Kijiti, mdogo wangu, unafikiria kujiua?"

 Aliponisimulia nililia kama mtoto, maana swali lilikuwa fupi hivyo, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Fomu alinipa niitunze. Hakuweza kukaa nayo. Niliifungia kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni. Juzi nimeitoa. Lile "Hapana" limekatwa kwa mstari mmoja. Chini yake, kwa mwandiko uleule ulioinama, pameandikwa: "Sasa ameniuliza."