Alama Nyekundu kwenye Jiwe la Bibi

Kila siku akitoka shule, Sabina alivua sare, akala, kisha akapanda juu ya jiwe kugeuza dagaa walioanikwa. Nyumba yao, kama nyingi za mlimani Mabatini, ilikuwa imeegemea jiwe kubwa kuliko yenyewe. Upande huu aliishi yeye na bibi yake, Wilhelmina. Upande wa pili aliishi Mzee Mashimba, fundi baiskeli. Kwa miaka mingi wazee hao wawili walikuwa wakigombania jiwe hilo, kila mmoja akisema ni lake na mpaka uko upande wa mwenzake.

Ijumaa moja Sabina alikuta alama ya X imechorwa juu ya jiwe kwa rangi nyekundu, na chini yake namba. Alishtuka hadi akamwaga dagaa. X nyekundu aliifahamu vizuri. Iliwahi kuchorwa kwenye ukuta wa shangazi yake kando ya barabara, na baada ya wiki chache tingatinga likaja. Shangazi sasa amepanga chumba kimoja Kirumba.

Bibi alikuwa ameenda soko la Mwaloni kununua dagaa. Mezani kulikuwa na barua ya wapima ardhi. Sabina ndiye aliyekuwa akimsomea Bibi barua zote, kwa hiyo aliisoma, akairudia mara tatu. Ilisema makazi ya mlimani yanarasimishwa, na kila mwenye nyumba atapewa hati ya kumiliki ardhi kwa miaka thelathini na tatu.

Kwa miaka thelathini na tatu? Nyumba aliyoijenga Bibi mwenyewe? Sabina alihesabu kwa vidole. Atakuwa na miaka arobaini na mitano. Halafu waende wapi? Na kama wamepewa miaka yote hiyo, mbona X imekuja leo?

Mtoto mwingine angemsubiri bibi yake amuulize. Sabina, kwa ujuaji wake, alichukua brashi ya chuma, mchanga na ndoo ya maji. Rangi ilikuwa bado mbichi. Alisugua mpaka vidole vikachubuka, na alama yote ikatoka.

Jioni Bibi alirudi amechoka lakini anatabasamu. "Kuna jambo zuri, mjukuu wangu. Nitakuambia kesho," alisema, akaenda kulala. Sabina naye hakumwambia alichofanya.

Asubuhi alikuja mpima ardhi, dada aitwaye Gladness, akiwa na fomu mkononi, akawakuta Bibi na Mzee Mashimba kando ya jiwe. "Shikamoo, bibi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," waliitikia wote wawili.

"Nimefuata sahihi zenu. Jana mlikubaliana mpaka upite kwenye ile alama." Alipanda juu ya jiwe, akatazama huku na huku. "Alama iko wapi?"

Bibi alimgeukia jirani yake. "Mashimba! Umeifuta!"

"Mimi? Jana si tumepeana mikono, mama?"

"Nani mwingine analitaka jiwe hili?"

Mzee Mashimba alimrudishia Gladness kalamu aliyokuwa amempa. "Sisaini. Siwezi kuitwa mwizi nyumbani kwangu."

"Msiposaini wote wawili, viwanja vyenu vitawekwa kando," alisema Gladness. "Jumatatu tunahamia mtaa mwingine, na sijui tutarudi lini."

Bibi aliketi chini, machozi yakimtoka. Tangu Babu afariki, alikuwa na karatasi moja tu ya mauziano, iliyochakaa mpaka haisomeki. Hati ya kumiliki ameisubiri miaka mingi. Sabina alichanganyikiwa kabisa. Alama iliyokuja kubomoa nyumba, mbona Bibi anaililia? Aliona aibu, aliogopa, lakini hakuweza kumwacha Mzee Mashimba asingiziwe.

"Ni mimi, Bibi," alisema. "Nilifikiri wanakuja kutubomolea, kama kwa shangazi kule barabarani."

Wote walimtazama. Gladness alichuchumaa mbele yake.

"Ile ya barabarani ilisema bomoa. Hii inaonyesha pembe ya kiwanja tu."

"Na miaka thelathini na tatu? Ikiisha tutafukuzwa?"

"Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, mdogo wangu. Hata mwenye ghorofa anapewa hati ya muda maalumu. Muda ukikaribia kwisha, mwenye hati anaomba aongezewe. Kinachotakiwa ni mtu wa kukumbuka kuomba."

Bibi alisimama, akamwendea jirani yake. "Nisamehe, Mashimba. Nimekusingizia bure."

Mzee alinyoosha mkono. "Lete hiyo kalamu. Na huyu mjukuu wako aichore upya mwenyewe."

Sabina alichora X na namba yake taratibu kwa rangi aliyopewa na Gladness, pale vipimo vya kwenye fomu vilipoonyesha, na wazee wakasaini.

"Wewe umefuta bila kuuliza, na mimi nimelaumu bila kuuliza," Bibi alimwambia. "Jambo usilolielewa, uliza kwanza. Na ukikosea, sema mapema kama leo, kabla majirani hawajachukiana." Kisha akacheka. "Miaka hiyo ikiisha nitakuwa nimetimiza miaka mia moja. Utanisomea fomu?"

"Nitakusomea, Bibi," alisema Sabina. "Na nisipoelewa, nitauliza."