Shanga za Mama Nasike

Jua lilikuwa linazama mjini Kakuma, Chepngetich alipotoka kwenda dukani kununua pini nne. Pini tu. Mengine yote yalikuwa tayari, tena kwa bei ya kutupa: sketi ndefu ya maua aliyoifukua kwenye rundo la mitumba sokoni Lodwar, blauzi ya lesi iliyowahi kuwa pazia la mtu, shali iliyokatwa ikawa mkanda, na viatu vya tairi. Boho, ndivyo vijana wanavyouita mtindo huo. Ukiuvaa vibaya utadhaniwa umekimbia nyumba inayoungua. Chepngetich alijua kuuvaa.

Na shingoni, shanga. Nyuzi kumi na nane, nyekundu na buluu, zikinuka mafuta ya mbuzi na udongo mwekundu.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, nao hawakuwa na simu za kujipiga picha. Shanga hizo zilikuwa za mama yake Nasike, muuza makaa, jirani yake kule Lodwar. Mama alimwazima kwa picha moja tu: zitoke asubuhi, zirudi jioni. Picha ikapendwa na watu elfu nne mtandaoni. Ukaja mwaliko wa mashindano ya mavazi Kakuma, na mshindi angepewa kazi ya mwaka mzima ya kutangaza nguo. Chepngetich, karani wa kibarua, aliiota kazi hiyo usiku na mchana. Basi jioni ya kurudisha haikufika.

Kisha mama huyo akaugua. Katika ukoo wao, mama anayekufa humvika binti yake shanga kwa mkono wake mwenyewe. Asipomvika, binti hubaki shingo tupu, na watu humtazama kana kwamba hakuzaliwa na mtu. Siku tisa mfululizo Nasike, binti yake, aligonga mlango wa Chepngetich.

"Dada, ile shanga ya mama. Anangoja."

"Kesho," Chepngetich alijibu akiwa kitandani.

Siku ya kumi Nasike hakugonga. Alikuwa anazika.

Sasa, njiani kutoka dukani, Chepngetich alisikia kitu nyuma yake.

Cha… cha… cha…

Shanga zinazotembea. Akasimama. Sauti nayo ikasimama. Akageuka: vumbi, mbuzi mmoja, hakuna mtu. Akashika shanga za shingoni mwake zisilie, akaenda haraka.

Cha… cha…

Aliingia saluni kwa Benita, msusi Mkongomani aliyekuwa anamremba, akafunga mlango kwa mgongo. Benita akamtazama kwenye kioo. Kitana kikamwanguka.

"Dada, asubuhi hii shanga ilikuwa inafika hapa," alinong'ona, akijigusa chini ya koo. "Sasa iko kwa kidevu."

"Zimepanda tu."

Benita akahesabu kwa kidole bila kugusa. Nyuzi thelathini na mbili.

Uzi mwingine ukateleza chini ya sikio la Chepngetich, baridi, polepole. Saluni nzima ikanuka makaa. Hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa.

"Kata! Benita, kata!"

Mkasi uliuma uzi mara tatu. Uzi haukukatika hata nyuzinyuzi moja. Benita akautupa mkasi.

"Mi siguse kitu ya mufu," alisema, akatoka mbio, akaacha mlango wazi.

Mlangoni alisimama Nasike. Shingo tupu. Kisu kidogo mkononi.

"Ejok, dada," alimsalimu kwa Kiturkana.

"Nasike… nisamehe. Zichukue. Kata…" Kidevu chake kilikuwa kimesukumwa juu, macho yanatazama dari. Pumzi ilipita kwa shida.

"Nitakata. Mama anasema ni mimi peke yangu naweza."

"Alisema… lini?"

"Saa hii. Tumekuja na yeye."

Cha… cha… Mlangoni. Kisha ndani. Kisha nyuma ya kiti.

Nasike hakuwa na haraka. Siku tisa alimtazama mama yake akipapasa shingo yake tupu, akiuliza kama shanga zimerudi. Hasira ya siku hizo ilikuwa imetulia ndani yake, naye aliifurahia.

"Lakini kwanza nihesabu kesho zako zote. Ziko tisa. Nikimaliza, nakata." Akaweka kisu shingoni, taratibu. "Kesho ya kwanza. Kesho ya pili…"

Chepngetich alihesabu pamoja naye moyoni. Alililia kila namba. Ya tano. Ya sita. Uzi mwingine ukapanda. Ya saba. Ya nane…

Nasike akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesemeshwa sikioni. Nyuma ya kiti mtu alikohoa, kikohozi cha mwanamke aliyeishi na makaa.

"Mama anasema nimeruka moja," alisema Nasike. "Wacha nianze tena."