Nyundo ya Mgeni

Jumamosi ile uwanja wa soko wa Palud, mjini Lausanne, ulifurika watu hadi wakawa wanasukumana kwa vikapu, na Oriane Pittet alikuwa amekuja kununua vitunguu liki tu. Kilichomsimamisha ni kibao. Kiliegemezwa kwenye chupa za mafuta, kimeandikwa kwa chaki: MAFUTA YA JOZI. YANARUDISHA NGUVU ZA MISULI UZEENI. WANASAYANSI WA LAUSANNE WAMETHIBITISHA.

Akakisoma mara mbili, maana yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa hao wanasayansi.

"Nani amethibitisha?" aliuliza.

Muuzaji aliinua uso. Alivaa sweta la kijani lililotoboka kiwikoni, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa maganda ya jozi, zile kokwa ngumu ambazo ukizipasua unakuta kitu chenye mikunjo kama ubongo mdogo.

"Wataalamu, Madamu. Wako kule chini ziwani. Wenye makoti meupe."

"Mimi ndiye koti jeupe. Hatujathibitisha kitu kama hicho."

Bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya, aliyekuwa ameshafungua pochi, akaifunga.

"Madamu, unanifukuzia wateja."

"Nawaokoa. Kitu tunachokitafiti kiko kwenye ngozi ya kokwa, na hakiingii kwenye mafuta. Ukishakamua kinabaki kwenye mashudu. Mashudu unapeleka wapi?"

"Kwa nguruwe wa jirani."

"Basi hongera. Nguruwe wa jirani yako watazeeka na misuli mizuri."

Watu wakaangua kicheko. Masikio ya muuzaji yakaiva.

"Na kwa ulimi huo, Daktari, kuna mwanamume aliyewahi kuzeeka na wewe?"

"Nipe chupa moja."

"Ununue uongo?"

"Uongo ni kibao. Mafuta yananukia vizuri."

Aliifunga chupa kwenye gazeti kwa hasira, akaandika namba pembeni ya karatasi. "Ukikumbuka tusi ulilolisahau, piga hapo. Naitwa Yvan Cornaz. Jumapili sipokei."

Oriane alipiga Jumapili.

"Nimekwambia leo sipokei," sauti ilisema.

"Umepokea."

Akasikia mtu anajizuia kucheka.

Wakaanza hivyo, na hawakuacha kugombana. Waligombana kwenye ngazi za kanisa kuu, Oriane na koti lake jekundu, Yvan na mfuko wa jozi wa kumtafunisha njiani. Waligombana hata siku Oriane alipomweleza kazi yake.

"Ndani ya misuli kuna majiko madogo madogo ya kutengeneza nguvu. Yanaitwa mitokondria. Ujanani jiko likiharibika, mwili unalifagia na kujenga jingine. Uzeeni mabovu yanarundikana. Tunatafuta kitu cha kuuamsha mwili ushike tena ufagio."

"Na kitu hicho kimo kwenye jozi zangu."

"Hakimo. Kimo cha kukipikia. Wapishi ni bakteria wa tumboni, na si kila tumbo linao."

"Kwa hiyo mtu anaweza kula jozi maisha yake yote asipate kitu."

"Anaweza."

"Kama mimi. Nala matusi yako tangu Septemba."

"Na umepata nini?"

Yvan alimbusu hapo hapo ngazini, watu wakiwapita. "Tulia, mpenzi. Tumbo bado linapika."

Mwezi wa Novemba akamwalika kwao, vilimani juu ya Morges, jioni ya kupasua jozi. Oriane alivaa gauni la sufu la buluu, akaona aibu alipokuta kila mtu mezani kafunga aproni. Baba yake Yvan, Mzee Armand, alimpa mashavu yake ya kubusu mara tatu, kisha akamsukumia nyundo ndogo ya mti.

"Hiyo ya mgeni, haina alama," alisema. "Zenye herufi ni za watu wa nyumba hii."

Kulikuwa na A yake mwenyewe, Y ya Yvan, na M iliyoning'inia ukutani tangu mama yake Yvan afariki.

"Umezichoma mwenyewe, Baba?" Oriane aliuliza.

"Kwa chuma cha moto. Kizito kile chuma. Sasa mkono haukishiki." Alitazama kiganja chake kama kitu alichoazimwa. Mtu huyu ndiye aliyezungusha kinu kwa mkono ujana wake wote. Siku hizi kuinuka kitini ilibidi aikamate meza.

Walipasua na kupiga soga. Oriane aliona mzee akitia kipande mdomoni, anatafuna, anameza, anatikisa kichwa, anasukuma rundo kando. Baada ya muda kidogo, kipande kingine.

Yvan alishuka ghalani kuleta divai. Oriane akainuka kutafuta bakuli, na pale rafuni, kando ya kopo la kahawa, akaona boksi jeupe lenye mstari wa buluu. Maboksi yale yalitoka kwenye jengo lao la utafiti. Ndani yake kulikuwa na vipakiti vya unga: vingine vilikuwa na dawa, vingine unga mtupu, na hakuna aliyejua vipi ni vipi.

"Baba, hili la nani?"

"Langu. La utafiti. Kila asubuhi nachanganya kwenye mtindi."

"Hawakukwambia usile jozi?"

"Sili jozi. Tangu Agosti sijala. Hata keki nimekataa."

"Na hiyo iliyo mdomoni?"

Mzee akaacha kutafuna, akashangaa kweli. "Hii naonja. Jozi moja ikichacha, pipa zima linaharibika. Ninaonja tangu nikiwa na miaka saba."

Hakukuwa na uongo hata chembe usoni pake, na hilo ndilo lililomuuma Oriane. Tumbo la mzee huenda lilikuwa linajipikia lenyewe kitu kile kile kilichotiwa kwenye unga wa dawa. Nani angeweza kutenganisha kazi ya unga na kazi ya jozi?

Yvan aliingia na chupa, akawakuta wamesimama.

"Ulijua?" Oriane akamgeukia.

"Nilijua nini?"

"Kwamba baba yako yuko kwenye utafiti wetu. Ndiyo maana ukaandika kibao?"

Yvan alitazama boksi, akamtazama baba yake, kisha Oriane. Uso wake ukajifunga kama dirisha. "Kibao nilikitoa kwenye gazeti la bure la treni. Na wewe? Ndiyo maana umekuja? Kumkagua mzee wangu kwenye meza yake?"

"Sikumwambia mtu," Mzee Armand alisema. "Ningesema nini? Kwamba kifuniko cha mtungi kinanishinda? Nilitaka kukishika kile chuma mara moja tena. Basi."

Oriane alichukua koti lake jekundu. Hakuna aliyemzuia.

Simu ya Yvan ilikuja kesho yake.

"Utasema?"

"Lazima niseme."

"Watamtoa."

"Watamtoa. Kuna wazee wengine, Yvan, wanaopenda jozi kama yeye, na wamejinyima. Nikinyamaza, nimewachezea wote."

"Wao si baba yangu."

"Ni baba wa watu."

"Unajua, Daktari, pale sokoni nilidhani ulimi wako ndio mkali. Kumbe moyo." Akakata.

Oriane akasema, na mzee akatolewa. Yvan hakupiga tena. Oriane aliyatia mafuta ya ile chupa kwenye saladi hadi tone la mwisho, akilichukia kila tone.

Siku moja kabla ya Krismasi simu ililia, namba asiyoijua.

"Umenifukuza," sauti nzito ilisema.

"Ndiyo, Baba. Samahani."

"Samahani yako nitaipaka kwenye magoti? Sasa nifanye nini?"

"Kaa kwenye kiti. Inuka bila kushika meza. Kisha kaa, uinuke tena."

"Hiyo ndiyo sayansi? Nyie watu mmesoma miaka yote hiyo mje kunifundisha kusimama?"

"Kwa leo hiyo ndiyo ninayoiamini zaidi. Na shika mpira, uuminye."

"Mchawi wewe," akasema, akakata.

Jumatano iliyofuata Oriane akampigia. "Umeinuka?"

"Nimeinuka. Nikaanguka kitini kama gunia. Umefurahi?"

"Rudia kesho."

Kila Jumatano aliuliza, na kila Jumatano alitukanwa. Theluji ikaja, ikayeyuka. Hakuuliza habari za Yvan hata mara moja, na mzee naye hakumpa.

Mwezi wa Aprili alipita tena Palud, akijiambia anafuata liki. Kibao kilikuwa pale pale, na chaki mpya: MAFUTA YA JOZI. MATAMU. HAYATIBU CHOCHOTE.

"Unauza kweli kwa kibao hicho?" aliuliza.

"Vibaya sana," Yvan alisema bila kuinua macho. "Baba anasema unampigia simu. Anasema unamtesa."

"Anapokea."

Yvan akainama chini ya meza, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akakitupa mbele yake kama mtu anayelipishwa kwa nguvu. Oriane alifungua. Nyundo ya mti. Kwenye mpini palichomwa herufi O, imepinda, upande mmoja umeungua sana, upande wa pili umeguswa tu, kama yai lililokaliwa.

"Amekishika chuma kwa mikono miwili," Yvan alisema, "akitukana mwanzo hadi mwisho. Nilitaka kumsaidia, akatishia kunichoma mimi."

Oriane alipitisha kidole kwenye ule mduara. "Hii haithibitishi kitu. Ni mtu mmoja, na hana wa kulinganishwa naye."

"Nilijua utasema hivyo. Ndiyo maana sikuiandika kwenye kibao." Kwa mara ya kwanza alimtazama. "Nilikukosea pale mezani. Hukuja kukagua mtu."

"Nami nilikukosea. Gazeti la treni nimelitafuta. Limeandika upuuzi kweli."

"Basi."

"Na hii nyundo, unanipa au unaniuliza?"

"Nakuuliza. Na ujibu haraka, kuna mteja."

Nyuma yake bibi mwenye kofia ya manyoya alikuwa amesimama, pochi mkononi, akitazama kibao bila kuelewa. Oriane akaitia nyundo mfukoni mwa koti jekundu, akaweka liki zake juu ya kasha, akazunguka meza na kusimama upande wa muuzaji.

"Nunua, Madamu," alisema. "Hayatibu chochote."

"Unanifukuzia wateja," Yvan alimnong'oneza.

Bibi akafungua pochi.