Povu Lililoungua Moyoni

Asubuhi, katika kiwanda cha magodoro, msimamizi wa zamu alipofungua komeo la chumba cha kupoozea, moshi ulimtangulia kutoka. Mlinzi mzee alikuwa amelala nyuma ya mlango, hana uhai. Kando yake bonge la povu la godoro, kubwa kama kitanda, lilikuwa limeungua kwa ndani huku ganda lake likiwa jeupe bado.

Mpelelezi aliona mikwaruzo ya kucha kwenye ubao wa mlango. Komeo lilikuwa nje.

"Ni mkemia wetu huyo," msimamizi alisema. "Hufunga kila mara, eti tusimwibie utaalamu. Na povu ni la polioli yake mpya, ile kemikali ya kulitengenezea anayotamba kwamba inastahimili moto."

Mkemia, mwanamke, alikuwa ameketi sakafuni ofisini. Marehemu alikuwa baba yake mzazi.

"Afande, wanasema nimemuua baba," alisema. "Naogopa. Povu likiumuka hujipasha moto lenyewe kwa ndani, lakini langu haliungui moyoni, hata bonge liwe kubwa vipi. Nani ataniamini?"

"Jana nani alimimina?"

"Msimamizi, peke yake. Mimi niliondoka mchana, nikiumwa kichwa."

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

Mpelelezi alirudi kwa msimamizi. "Pipa ulilotumia jana ni lipi?"

"Hili. Polioli mpya, naapa."

"Basi mimina bonge jingine kama lile."

Alimimina. Mchanganyiko ukaumuka kama unga uliozidi hamira. Walipolisukuma chumbani, mpelelezi akavuta viti viwili na kumwambia askari wake abaki nje na kufunga komeo.

"Kaa, kaka. Si linastahimili moto?"

Msimamizi alikaa. Mpelelezi naye akakaa karibu na bonge. Kila alipoligusa bonge, lilikuwa moto zaidi. Kisha ikaja harufu ya kuungua. Msimamizi hakulitazama bonge. Macho yote yalikuwa mlangoni.

"Tutoke, afande."

"Kwa nini?"

"Litawaka. Si polioli yake, ni ile ya kawaida."

"Nani aliiweka humo?"

"Mimi." Jasho lilimtiririka. "Niliacha pipa wazi, mvua ikaingia, polioli ikaharibika. Niliogopa kufukuzwa, nikaimwaga na kujaza ya zamani. Mzee aliniona, akasema lazima amwambie binti yake. Jioni bonge likaanza kutoa moshi, akaingia kuangalia. Nikasukuma komeo."

"Ukamsikia akigonga?"

"Nilimsikia."

Mpelelezi aligonga mlango. Nje askari alivuta komeo, likakwama. Moshi ulianza kuchungulia kwenye ganda. Msimamizi alirukia mlango akaukwaruza ubao, vidole vyake palepale vilipopita vya mzee, akilia, "Nifungulieni, jamani."

Mpelelezi naye aliogopa, kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Mwishowe komeo likaachia, wakaangukia nje wakikohoa. Mkemia alikuwa amesimama pale kando ya askari, nyundo mkononi. Alikuwa amesikia kila neno, na ni yeye aliyeligonga komeo mpaka likafunguka.