Mapovu ya Idman

"Sema ukweli! Haya mapovu yametoka wapi?"

"Kwa jua. Kwani huoni jua?"

"Jana tulipata manne, saa nzima. Leo maji yanachemka kama chai ya arusi. Wallahi unadanganya, Idman."

"Abaayo, dada yangu, nyamaza basi! Mwalimu atasikia. Unataka shule ya Ijara watushinde tena?"

Nasteho hakuondoa macho kwenye chupa yao ya maji ya kisima. Wiki tatu nzima, yeye na Idman walitia bamba la chuma kutu, wakaliunguza kwenye jiko, wakarudia. Kila wakirudia, kutu ilikuwa laini zaidi, na jua likiipiga ndani ya maji, mapovu yaliongezeka. Hiyo ilikuwa haidrojeni, gesi inayowaka kama mafuta. Kipande cha sola kilichotolewa kwenye tochi kilisaidia kusukuma umeme kidogo.

Kidogo mno kwa Idman. Mashindano ya sayansi yalikuwa kesho.

Upepo ulileta vumbi Garissa yote. Walikuwa wamefunga madirisha ya darasa. Sasa jua la kwenye kioo cha dirisha likafifia, likawa jekundu, halafu likapotea kabisa.

Mapovu hayakupungua.

"Jua limekwisha," Nasteho alisema polepole. "Mbona hayaachi?"

Harufu kali ilipanda, kama dawa ya kung'arisha nguo. Nasteho alikohoa mara moja, kisha tena, kisha hakuweza kuacha. Akashika meza. Midomo yake ilibadilika rangi.

Idman alijua waya wa kuvuta ni upi. Akiuvuta, kila mtu atajua. Alisimama tu. Nasteho akapiga magoti.

"Betri!" Idman alipiga kelele. "Nimeficha betri ya pikipiki chini ya meza!" Akaung'oa waya.

Mwalimu Abdihafid aliusukuma mlango kwa bega, akawatoa nje wote wawili. Nasteho alikaa ameegemea ukuta muda mrefu kabla ya pumzi yake kutulia.

"Maji ya kisima chetu yana chumvi," mwalimu alisema. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ukiyapitishia umeme mwingi hivyo, yanatoa klorini. Sumu, Idman. Kwenye chumba kilichofungwa."

"Nilitaka tushinde, mwalimu."

"Mapovu manne ya kweli yanatuambia bamba letu limefika wapi. Tukijua hapo, tutalifanya liwe bora. Mapovu elfu ya uongo hayatufundishi chochote, na leo yalitaka kumzika mwenzako. Kazi ndogo ya kweli inakua. Uongo unakua pia, lakini unamla aliye karibu. Kesho mtaonyesha manne."

Idman alimgeukia rafiki yake. "Abaayo, nisamehe."

"Nilipoanguka," Nasteho aliuliza kwa sauti iliyokwaruza, "ulikuwa unangoja nini?"

Idman aliutazama waya aliokuwa bado ameushika.

Nasteho alijifuta macho kwa ncha ya ushungi wake, akageuka, akaenda zake ndani ya vumbi.