Onyo la Tatu

Karani wa kampuni ya intaneti alikuwa amelala kifudifudi katikati ya modemu. Zilijaa rafu tatu, kila moja na kibandiko cha jina la mteja aliyekatiwa intaneti, na chache zilikuwa zimemwangukia mgongoni. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Karibu na miguu yake ulikuwepo mtungi wa kuzimia moto.

"Umefutwa," alisema mtaalamu wa alama za vidole. "Hata vumbi hakuna."

"Kafa saa ngapi?"

"Saa saba hivi mchana. Hazijapita saa mbili tangu hapo."

Inspekta aliinama. Alikuwa mama wa makamo mwenye miaka ishirini kazini, na bado hakuwa amezoea maiti. Wanaosema huzoeleka, shauri yao. Mezani kwa marehemu alikuta karatasi moja: orodha ya malalamiko dhidi ya mteja aliyepakua programu ya wizi ya kuchorea majengo. Mbele ya kila saa iliyochapwa, mtu alikuwa ameandika kwa penseli: +3.

"Hii nini?" alimuuliza mkuu wa kitengo, bwana mmoja aliyelowa jasho kwapani.

"Sijui, Afande. Hesabu zake tu hizo."

Inspekta alimkazia macho. Bwana huyu alikuwa na kitu kooni, ila hakuwa tayari kukitema.

"Haya, nieleze kazi yenu."

"Wenye programu wanatuletea malalamiko: tarehe, saa, na anwani ya mtandao iliyotumika. Karani anatafuta kwenye kumbukumbu ni laini ya nani, anatuma onyo. Onyo la tatu tunakata, na mteja anarudisha modemu hapa. Kama ni laini ya mpango wa wanafunzi, chuo nacho kinapata nakala."

"Na chuo kinafanyaje?"

"Kinafukuza," alijibu, akatazama viatu vyake.

Getini mlinzi alitoa daftari la wageni. Inspekta alishusha kidole mpaka saa saba na dakika kumi.

"Huyu mwanamke au mwanamume?"

"Karudisha modemu."

"Sikukuuliza hilo."

"Afande, saa saba foleni hapa inafika barabarani. Mimi naangalia modemu, siangalii sura. Na humo anayeileta anaandika mwenyewe jina la mteja, hata kama aliyetumwa ni bibi yake."

Jina lilikuwa la binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa usanifu majengo. Ndilo lile lile lililokuwa kwenye karatasi ya malalamiko.

"Basi kazi imekwisha," alisema Sajini wake, akisugua viganja.

"Wewe huwa unamaliza kazi kabla haijaanza," Inspekta alimjibu.

Nyumbani walimkuta binti na baba yake. Baba alikuwa mchora ramani za majengo, aliyefiwa na mke, mtu wa suruali yenye mkunjo uliopigwa pasi. Mtaani walimwita Rula, kwa kazi yake na kwa kuwa hapindi. Watoto wa jirani wakimwona waliacha kupiga kelele.

"Saa saba mchana ulikuwa wapi?" Inspekta alimuuliza binti.

"Hapa. Kesho saa tatu asubuhi naitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Nilikuwa naandika utetezi wangu."

"Na nani?"

"Peke yangu. Baba alikuwa kazini."

"Modemu iko wapi?"

Binti aligeukia rafu. Palikuwa na waya tu.

"Jana ilikuwa hapa! Baba, umeichukua wewe?"

"Mimi? Niipeleke wapi?" alisema Rula.

"Programu uliipakua?" Inspekta aliuliza.

"Sikuipakua, Afande! Naapa. Natumia ya chuo, ya halali. Lakini barua inasema saa moja asubuhi, na saa moja mimi niko nyumbani. Nani ataniamini? Baba mwenyewe kaniita mwizi mbele ya mashangazi zangu."

Rula alikohoa. "Mwanangu, waambie ukweli yaishe. Mimi sikukulea hivyo."

Binti alinyoosha mikono. Sajini alipomfunga pingu zilimpwaya, ikabidi azikaze mara mbili. Inspekta alitoka nje haraka. Alikuwa na binti wa umri huo huo, na moyo ulimuuma.

Kituoni binti aliandika maelezo yake kurasa mbili. Mwandiko wake ulikuwa ovyo, herufi zimelala na kukanyagana. Inspekta alifungua daftari la mlinzi, akaweka vitu hivyo viwili sambamba. Jina la daftarini lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa tupu, zote kimo kimoja, utadhani zimepigiwa mstari juu na chini.

"Loo!" alisema. Kisha akamwita mkuu wa kitengo.

"Sasa utaniambia hiyo +3. Na usinizungushe, kuna mtoto wa watu mahabusu."

Bwana yule alijifuta uso. "Malalamiko yanatoka nchi za mbali, Afande. Saa zake ni za huko. Sisi tuko mbele yao kwa saa tatu. Karani alipaswa kuongeza tatu kila mara. Hakuongeza."

"Tangu lini?"

"Tangu aanze kazi. Mwaka mzima. Juzi mteja mmoja alikuja juu, kwamba saa iliyoandikwa mtaa wake mzima haukuwa na umeme. Ndipo karani akashtuka, akaanza kupitia mafaili yote. Alitaka kuwaandikia watu barua za kuwasafisha. Nilimwambia asubiri tuongee na wakubwa."

"Uliogopea jina la kampuni."

"Niliogopa, ndiyo."

Inspekta aliihesabu upya tarehe ya onyo la tatu. Saa moja asubuhi ikawa saa nne. Chuo kilithibitisha kwa simu kwamba siku hiyo, kuanzia saa mbili hadi saa tano, binti alikuwa ndani ya chumba cha mtihani na saini yake ipo. Kumbukumbu za saa nne nazo zilionyesha laini ile ile ya nyumbani kwake. Nyumbani wanaishi wawili tu.

Kumbukumbu za simu ya marehemu zilimalizia. Siku moja kabla hajauawa, aliongea dakika sita na Rula.

Asubuhi Rula alikuja mwenyewe, na nguo za binti kwenye mfuko. Inspekta alimkaribisha kwenye chumba cha mahojiano.

"Keti, mzee wangu. Jana saa saba ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kazini wanasema ulitoka saa sita na nusu."

Rula alinyoosha mkunjo wa suruali kwa kidole.

"Karani alikupigia simu akasema nini?"

"Sikumbuki."

"Dakika sita hukumbuki? Andika jina la binti yako hapa."

Rula alishika kalamu, akaiweka chini.

"Mara ya kwanza ulimwacha abebe kosa lako chuoni," Inspekta alisema. "Jana ulimwacha avishwe pingu, na wewe umekaa umekunja nne. Utamwacha mpaka wapi?"

Hapo mzee aliporomoka. Alilia kwa sauti, bila kujificha.

"Ile programu niliipakua mimi. Vijana wote kazini wanachora kwa kompyuta, mimi nabaki na penseli. Nilitaka nijifunze kwa siri, nisichekwe. Barua ilipokuja, mtoto aliniuliza, 'Baba, unaniamini?' Nikamwambia hapana. Na nilikuwa najua! Nilikuwa najua, Afande!"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilishamwita mwizi mbele ya ukoo. Ningerudi vipi? Kisha karani akapiga, maana namba iliyo kwenye mkataba ni yangu, na furaha zake, kwamba ni saa nne si saa moja, binti yangu ni safi, anamwandikia barua. Nikaenda na modemu nipate kisingizio. Nilimwomba amsafishe bila kutaja saa. Akasema haiwezekani, barua bila saa haina maana. Mtoto angeisoma tu, angejua nani alikuwa nyumbani saa nne. Karani akanipa kisogo aichape. Mtungi ulikuwa pale."

Inspekta aliandika kila neno. Ukutani ilikuwa saa mbili na dakika kumi.

"Mwambieni nimeua," Rula alisema. "Nastahili. Lakini hilo la programu nawaomba msimwambie."

"Hata sasa, mzee?"

"Nawaomba."

"Kamati inakaa saa tatu. Kampuni haijaandika barua yoyote, na bila jina la aliyepakua watamfukuza. Mwenye kulitaja ni wewe."

Alimsukumia karatasi. Rula aliitazama muda mrefu, mpaka Sajini akaanza kuhangaika mlangoni. Mwishowe aliandika mistari minne, akatia saini.

Binti alikuwa ametolewa mahabusu, amekaa kwenye benchi la korido. Alimwona Inspekta, akasimama.

"Afande, baba amekula? Akiwa na mawazo huwa hali kabisa. Mwambieni mimi sina kinyongo naye."

Inspekta alimkabidhi ile karatasi, akakaa naye pale pale benchini mpaka alipomaliza kusoma.